Maombi ya pamoja ya makanisa huku kwetu Dodoma: mheshimiwa kapewa maiki dakika 40, maswali ya waumini yamebaki kwenye bahasha

Wakuu habari zenu. Naandika nikiwa na hasira na sitaificha, nimejaribu kunyamaza wiki mbili nikadhani itapoa lakini haijapoa, kila nikipita pale uwanjani inarudi upya.

Naishi Dodoma, pembezoni mwa jiji. Kata siitaji, makanisa siyataji, na majina ya watu siyataji. Huku kwetu kuna umoja wa makanisa ya kata, wapo Waanglikana ambao huku Ugogoni wana mizizi ya tangu enzi za wamisionari wa Mpwapwa, wapo Wakatoliki, Walutheri, na makanisa ya Kipentekoste matatu manne. Miaka yote tulikuwa tunakutana Ijumaa Kuu na kwenye misiba, basi. Halafu yakaja yale ya siku ya uchaguzi mkuu, 29 Oktoba 2025. Watu wamekufa, intaneti imezimwa siku kadhaa, una ndugu yako Mwanza au Dar hujui kama mzima, ilipofika 9 Desemba hata sherehe za Uhuru hazikufanyika. Watu walikuja makanisani na uchungu ambao hawakuwa na pa kuutua. Ndo wachungaji wakakaa kikao wakakubaliana tuwe na maombi ya pamoja mara moja kwa mwezi, na maombi yakiisha iwepo saa nzima ya mazungumzo, waumini waongee mambo ya nchi yao na ya kata yao, bila chama, bila kofia wala kanga ya mtu yeyote. Nilikuwepo kwenye kikao hicho. Mi ni katibu wa vijana kanisani kwetu na muhtasari niliuandika kwa mkono wangu, kila mchungaji aliyekuwepo alikubali.

Nikapewa kazi ya kukusanya maswali. Tulijua kina mama wengi hawawezi kusimama mbele ya watu mia mbili wakaongea, kwa iyo tukatangaza Jumapili tatu mfululizo kwamba mwenye swali au ombi aandike kwenye karatasi alete, asiyejua kuandika aje kwangu nimwandikie. Walikuja jamani. Bibi mmoja alinisemea lake lote kwa Kigogo, mi naandika kwa Kiswahili namsomea, anasema hapana mwanangu hukuandika nilivyosema, tunarudia. Tulirudia mara tatu. Jumla nilipata karatasi 41.

Ngoja niwaambie kulikuwa na nini mule, kwa sababu mwenyekiti wa umoja wetu wa makanisa anasema ni "mambo ya siasa". Karatasi kumi na kitu zilikuwa za maji. Wanaoishi Dodoma wanajua, bomba linatoka usiku wa manane, siku nyingine halitoki kabisa, mwanamke anaamka saa nane kupanga ndoo na asubuhi anatakiwa awe kibaruani. Mji huu unakunywa maji ya visima vya Mzakwe toka enzi za wazee wetu, sensa ya 2012 ilikuta watu 410,956 kwenye manispaa, ya 2022 ikakuta 765,179, na Bwawa la Farkwa tunalisikia kwenye hotuba mpaka watoto waliozaliwa tukilisikia saivi wako sekondari. Swali la yule mama lilikuwa fupi tu, kwamba je kanisa linaweza kutusaidia kwenda kuuliza, maana sisi tukienda wenyewe hatusikilizwi. Nyingine zilikuwa za ardhi. Toka serikali ihamie huku na CDA, ile mamlaka iliyokuwa inapanga mji na kugawa viwanja, ivunjwe 2017, shamba la uwele la mzee linageuka viwanja mbele ya macho yake, vigingi vimechomekwa, anaambiwa fidia inakuja. Mzee mmoja aliandika kwamba anasubiri toka mkewe akiwa hai.

Kijana mmoja kamaliza Chuo Kikuu cha Dodoma anaendesha bodaboda, aliuliza kama ni dhambi kutokwenda kupiga kura. Mwingine aliuliza swali ambalo mi mwenyewe limenikalia kichwani mpaka leo: tukiambiwa tuiombee serikali, tuombe nini hasa? Tuombe iwe na afya tu, au tuombe itende haki? Sasa hilo ni swali la siasa kweli? Hilo si ndo swali la kanisani kabisa?

Na kulikuwa na karatasi ya mama mmoja wa kwaya. Mdogo wake alikuwa Mwanza, siku ile ya uchaguzi alitoka na hajarudi. Hawajazika. Hakuuliza swali lolote. Aliomba jina la mdogo wake litajwe kwenye maombi.

Jumamosi yenyewe ikafika. Huku mvua za msimu zilikuwa zimeshaanza, ni wakati wa palizi, kila siku unayokosa shamba majani yanakula uwele wako, ila kina mama waliacha majembe wakaja. Maturubai na viti tulichangishana elfu mbili mbili. Maombi yalianza saa tatu asubuhi na nasema kwa moyo wangu wote yalikuwa mazuri, Mkatoliki anaongoza, Mpentekoste anapokea, bibi zetu wanaomba kwa Kigogo wanalia, sijawahi kuona kitu kama kile kwenye kata yetu. Nilijua leo kuna kitu kinazaliwa.

Saa tano na robo zikaingia gari tatu.

Hatukuambiwa. Kamati haikuambiwa, kwenye ratiba niliyoichapa mwenyewe hakuna mgeni rasmi. Mwenyekiti wa umoja alikuwa anajua, kwa sababu alitoka mbio kwenda kupokea kabla hata milango haijafunguliwa. Wazee waliokuwa wamekaa mbele wakanyanyuliwa, mzee wa miaka zaidi ya 80 ananyanyuliwa na fimbo yake anapelekwa juani ili wapambe wa mheshimiwa wakae kwenye turubai. Huyo mheshimiwa, mwanasiasa, akapewa maiki. Akaanza Bwana Yesu asifiwe, akaja Tumsifu Yesu Kristo, akaja Shalom, akamalizia mbukwenyi, watu wakapiga makofi, na mi siwalaumu, mtu akikusalimia kwa lugha ya mama yako utaitikia. Halafu akaongea dakika 40. Nilikuwa mtunza muda, nilikuwa na saa mkononi. Treni ya SGR, Mji wa Serikali Mtumba, barabara, na kwamba amani tuliyonayo tusidanganywe na mitandao tukaichezea. Akamaliza kwa ahadi ya bati kwa kanisa moja linalojengwa na bahasha ya kwaya. Kwaya ikaimba. Saa ya mazungumzo ikawa imeliwa yote.

Mwenyekiti akasimama akasema maswali yatasomwa mwezi ujao kwa sababu wingu limefunga. Watu wakaanza kuguna. Ndo yule mama wa kwaya akasimama mwenyewe, bila maiki, akasema mchungaji mi sina swali, naomba tu tumtaje mdogo wangu kabla hatujafunga. Mwenyekiti akamjibu, nanukuu nilivyosikia kwa masikio yangu: "Mama, hapa ni ibada, tusiingize siasa, tutaombea amani kwa ujumla."

Akakaa. Hakulia wala nini, alikaa akaanza kukunja ule ushungi wake wa kwaya vipande vidogo vidogo.

Wakuu mi nauliza, siasa hapo kaingiza nani? Mtu aliyekuja na gari tatu na ahadi ya bati, au dada wa marehemu? Maadili ya uchaguzi ya nchi hii yanakataza kampeni kwenye nyumba za ibada, mtaniambia uchaguzi umeisha kwa iyo ile haikuwa kampeni. Sawa. Basi kama kusifia barabara mbele ya msalaba si siasa, kuuliza maji nako si siasa. Chagueni moja.

Kuna watakaokuja hapa chini waseme dini na siasa havichanganyiki. Jamani hivi mmeishi nchi gani? Bunge Maalum la Katiba lilikaa hapa hapa Dodoma 2014, na mwaka uliofuata Jukwaa la Wakristo, yani maaskofu Wakatoliki, CCT (Jumuiya ya Kikristo ya Waanglikana, Walutheri na wenzao) na Wapentekoste pamoja, walitamka wazi waumini waisome Katiba Inayopendekezwa na waikatae kwenye kura. Kura yenyewe ikaahirishwa mpaka leo. KKKT, yani Walutheri, walitoa waraka wa Pasaka 2018 wakasema kuhusu hali ya nchi, wakaandikiwa barua waufute. TEC, baraza la maaskofu Wakatoliki, Agosti 2023 walitoa tamko la mkataba wa bandari likasomwa makanisani nchi nzima, nililisikia kwa jirani zetu Wakatoliki. Makao makuu ya CCT yenyewe yapo mjini hapa. Na tukiacha matamko, hospitali ya Mvumi Mission ni ya kanisa, shule ya wasioona Buigiri ni ya kanisa, St John's ni chuo cha kanisa. Kanisa limeshika maisha ya watu wa huku toka babu zetu, hakuna aliyewahi kusema kutibu mgonjwa ni kuingilia kazi ya serikali. Mwalimu Nyerere mwenyewe mwaka 1970 alienda New York akawaambia masista wa Maryknoll kwamba kanisa lisilosimama na maskini dhidi ya mifumo inayowakandamiza litakosa maana kwao, na yule alikuwa rais na Mkatoliki wa kwenda misa kila siku.

Shida yangu ni kwamba kule juu maaskofu wanaandika, wanasaini, wanathubutu. Huku chini kwenye kata, ambako mtu anaishi, ananyamazishwa na mchungaji wake mwenyewe kwa sababu ya bati.

Nilimfuata mwenyekiti nyumbani kwake Jumatatu, kwa heshima zote, ni mzee wangu, ndiye aliyembatiza mwanangu wa kwanza. Akanipa Warumi 13, mamlaka imewekwa na Mungu. Nikamuuliza baba mchungaji, na Nathani alipomfuata Daudi alikuwa hajui mamlaka imewekwa na nani? Na Yohana Mbatizaji kwa Herode? Akanyamaza kidogo halafu akasema kitu kingine kwa sauti ya chini, akasema mwanangu, unajua lile kanisa la Dar lililofutiwa usajili Juni 2025 baada ya askofu wake kukemea utekaji, unajua Padre Kitima, katibu mkuu wa TEC, alivyopigwa Kurasini Aprili ile, sisi huku nani atatutetea.

Hapo nilimwelewa. Nasema kweli nilimwelewa, na kama angesimama pale uwanjani akasema wapendwa naogopa, tuombe kwanza Mungu anitoe hofu, ningepiga magoti naye. Mtu anaruhusiwa kuogopa. Lakini huwezi kuwa na hofu ukamkataza mama kutaja jina la mdogo wake, halafu hofu hiyo hiyo ikakukimbiza kupokea gari na kunyanyua wazee kwenye viti vyao. Na kumtaja marehemu kwenye maombi kunamkosea nani? Serikali yenyewe iliunda tume ya kuchunguza yale matukio, ikampa Jaji Mkuu mstaafu Othman Chande aiongoze. Kama serikali inakubali kuna la kuchunguza, sisi kanisa tunashindwaje kukubali kuna wa kumlilia?

Na mnaosema tunataka kugeuza kanisa chama, someni Katiba. Ibara ya 20 inakataza kusajili chama cha siasa cha dini na mi naiunga mkono asilimia mia, sitaki chama cha Wakristo, tuna majirani Waislamu tunaoteka nao maji kwenye kisima kimoja. Ila ibara ya 21 inampa kila raia haki ya kushiriki kwenye maamuzi ya mambo yanayomhusu, na mkutano wa mtaa wetu toka tuchague serikali za mitaa 27 Novemba 2024 sikumbuki mara ya mwisho umeitishwa lini. Watu wataongelea wapi sasa? Kijiweni? Kwenye foleni ya maji usiku?

Ninachotaka ni kidogo. Ratiba iheshimiwe. Mwanasiasa akitaka kuja kuomba aje, akae kwenye kiti alichokikuta kama sisi wengine, na ikifika saa ya mazungumzo akae asikilize, tena huyo ndo angefaa sana kusikiliza. Bati tukachange wenyewe hata kama itachukua miaka mitano. Na maombi yafunguliwe kwa majina ya waliofiwa, kabla ya tangazo lolote, kabla ya sadaka.

Mwezi unakaribia tena. Ratiba mpya nimeiona jana kwenye grupu, imeandikwa na mtu mwingine, mi nimeshatolewa kwenye kamati bila kuambiwa. Ina maombi, ina kwaya, ina "neno la mgeni". Saa ya mazungumzo haimo.

Karatasi ninazo, ziko kwenye bahasha ya kaki juu ya kabati. Zilikuwa 41, saivi ziko 40, kwa sababu jana jioni nilienda nyumbani kwa yule mama wa kwaya, tukawa watu sita tu na watoto wake, tukafunga mlango, tukamtaja mdogo wake kwa jina lake kamili. Kesho naenda kwa yule mzee wa shamba. Kama kuna mtu yuko Dodoma kanisa lolote na ana nafasi jioni, anitafute PM twende wote.