Mtaalamu wa alama za vidole hufikiaje maoni anayoyatoa mahakamani?

Mwanafunzi wa Sheria
Ndugu wanajamvi, Sheria ya Ushahidi ya Tanzania inaruhusu mahakama kupokea maoni ya mtu mwenye ujuzi maalumu, yakiwemo ya utambuzi wa mwandiko na alama za vidole. Ninaomba kufahamu mtaalamu huanzia wapi, na hakimu atajuaje kwamba maoni hayo yametokana na kielelezo chenyewe, si maneno ya mpelelezi.

Mchunguzi Mstaafu
Mchunguzi huchambua, hulinganisha na kufanya tathmini, kisha mwenzake huhakiki. Kwangu mimi, uchambuzi ndio nguzo. Alama ya eneo la tukio mara nyingi huwa kipande kilichofifia, hivyo ni lazima uandike mahali mistari yake inapokatika au kugawanyika kabla hujafunua alama za mtuhumiwa, kwa kuwa ukishaziona, jicho huanza kukuta linachokitafuta.

Ndivyo ilivyotokea baada ya milipuko ya treni mjini Madrid, tarehe 11 Machi 2004. FBI, shirika la upelelezi la Marekani, walisema alama iliyokuwa kwenye mfuko wa vifyatulio vya mabomu ni ya Brandon Mayfield, wakili wa Marekani. Wachunguzi wao wakakubaliana, na hata mtaalamu huru aliyeteuliwa na mahakama akaafiki. Polisi wa Hispania, ambao hawakuwa wameridhika, waliitambua kuwa ya Ouhnane Daoud, raia wa Algeria, wakati Mayfield amekwisha kukaa kizuizini wiki mbili. Ukaguzi wa Wizara ya Sheria ya Marekani uliotolewa mwaka 2006 ulionyesha kwamba baadhi ya vipengele "vilionekana" kwenye alama ya Madrid baada ya wachunguzi kuvitazama vidole vya Mayfield.

Wakili wa Utetezi
Nakubaliana nawe, Mzee. Mahakama haifungwi na maoni ya mtaalamu ikiwa ina sababu za msingi za kuyakataa, na sababu hizo hupatikana katika maswali ya dodoso, yaani yale ambayo shahidi huulizwa na upande wa pili. Mimi huomba kumbukumbu alizoandika wakati wa uchunguzi, kisha huuliza kama mhakiki alilijua jibu la mwenzake kabla ya kuanza. Katika kesi ile ya Madrid, wahakiki wa FBI walilijua.

Mwanafunzi wa Sheria
Shikamoo, Mzee, na ahsanteni nyote. Je, mtaalamu anaruhusiwa kusema kwamba hawezi kuamua?

Mchunguzi Mstaafu
Marahaba. Anaruhusiwa, na alama isipotosheleza anapaswa kusema hivyo hata kama mpelelezi amesimama mlangoni akisubiri jina.