Chuchu kuuma na kupasuka wiki za kwanza za kunyonyesha: tupeane uzoefu

MamaMapacha
Habari zenu wazazi. Hapa tuzungumze jambo moja tu: chuchu kuuma, kuchubuka au kupasuka mtoto akiwa bado mchanga. Kina mama wengi huambiwa "vumilia, ndivyo kulivyo", na mama anafika mahali anaogopa mtoto akiamka. Kila mwenye ujuzi aeleze kwa vipimo: kifanyike nini, kianze kipi, na mama atajuaje kwamba kimesaidia.

Naanza na mpaka. Siku za mwanzo, uchungu wa pale mtoto anapovuta mara ya kwanza, ukakatika ndani ya nusu dakika hadi dakika 1, ni wa kawaida. Huwa mkali zaidi kati ya siku ya 3 na ya 6, kisha hupungua. Lakini maumivu yanayoanza mtoto akishika na kuisha akiachia, au ngozi iliyokatika, hayo si ya kuvumilia. Kuna kitu hakijakaa sawa, na mara nyingi ni namna mdomo ulivyoshika titi.

mkunga_wa_usiku
Hapo kwenye kushika nitakaa kidogo.

Pitisha ncha ya ulimi wako juu ya kaakaa, kuanzia nyuma ya meno ukirudi ndani. Kwanza pagumu pana mikunjo, halafu panakuwa laini. Chuchu inatakiwa ifike karibu na pale pagumu panapoishia. Ikifika huko, ulimi wa mtoto unakamua titi na chuchu yenyewe haibanwi. Ikibaki mbele, inasagwa kati ya ulimi na kaakaa gumu, na mtoto mchanga ananyonya mara 8 hadi 12 kwa siku. Ndiyo maana mafuta peke yake hayaponyi: kidonda kinatoneshwa kabla hakijafunga.

Fanya hivi. Kaa umeegemea, mgongo na mkono vipate kitu cha kuvibeba. Mlete mtoto kwenye titi. Usiinamie kumpelekea titi. Tumbo lake liguse lako, na sikio, bega na nyonga yake vikae mstari mmoja, maana hata mtu mzima hamezi vizuri akiwa amegeuza shingo. Kiganja chako kibebe mabega yake, kidole gumba na vidole vingine vishike shingo chini ya masikio. Usisukume kisogo. Ukisukuma kisogo kidevu kinaingia kifuani, mdomo haupanuki, na mtoto anajirusha nyuma.

Sasa pua yake ielekee chuchu. Nimesema pua, si mdomo. Gusisha chuchu juu ya mdomo wake, usubiri. Atafungua kidogo, atalamba, atafunga. Subiri. Akipanua kama anayepiga mwayo, mlete upesi, kidevu kitangulie kugusa titi na mdomo wa chini ushike mbali na chuchu.

Kagua mambo manne: mdomo umepanuka sana, mdomo wa chini umepindukia nje, kidevu kinagusa titi, ule weusi unaozunguka chuchu unaonekana zaidi juu ya mdomo kuliko chini. Mashavu yawe yamejaa. Yakibonyea ndani, au ukisikia mlio kama wa kusonya kila anapovuta, ameshika nchani.

Nusu dakika imepita na bado unaumia? Usimchomoe. Ingiza kidole kidogo kisafi pembeni mwa mdomo, kipite katikati ya fizi mpaka aachie, halafu mtoe na uanze upya. Hata mara 4 kwa nyonyesho moja si vibaya. Kumwacha anyonye vibaya dakika 20 kwa sababu "angalau ametulia" ndiko kunakoleta kidonda.

Shangazi_K
Naongeza kitu kinachochukua sekunde 2. Mtoto akiachia, tazama chuchu kabla haijakauka. Ikiwa ya mviringo vilevile, imerefuka tu, alishika vizuri. Ikiwa imebapa upande mmoja kama ncha ya lipstiki mpya, au ina mstari mweupe katikati, ilikuwa inabanwa, hata kama mama hakusikia uchungu sana. Hiyo ni habari ya mapema, kabla ngozi haijakatika.

Na kubana titi kwa vidole viwili mithili ya mkasi, karibu na chuchu, hapana. Vidole vinaziba njia ya mdomo. Shika titi kwa umbo la herufi C, vidole mbali na ule weusi.

BabaKichanga
Shikamoo mkunga. Titi likijaa mpaka likawa gumu kama mpira, mtoto akijaribu anateleza. Hapo mdomo utashika nini?

mkunga_wa_usiku
Marahaba baba, umeuliza la maana. Maziwa yakiingia kwa wingi, kwa kawaida siku ya 2 hadi ya 5, sehemu iliyo nyuma ya chuchu inavimba na chuchu inalala. Mtoto anapata ncha tu, na huko ndiko michubuko mingi inakoanzia.

Kabla ya kumweka, mama aweke ncha za vidole kuizunguka chuchu, pale inapoanzia, abonyeze polepole kuelekea mbavu, akae hivyo sekunde 60 bila kusugua. Ahamishe vidole robo duara, arudie. Uvimbe unarudi nyuma na kinabaki kibonyeo laini. Kisha akamue kidogo kwa mkono: gumba juu, vidole chini, kama sentimita 3 kutoka chuchu, sukuma kuelekea kifuani, bana, achia. Vidole visiteleze juu ya ngozi. Matone yakitoka na weusi ukalainika, mtoto awekwe papo hapo.

Kitambaa cha uvuguvugu dakika 2 kabla kinasaidia maziwa kushuka. Baada ya kunyonyesha ni kitambaa cha baridi, dakika 10 hadi 15, kikae kwenye titi na si kwenye chuchu. Msilikande titi kwa nguvu kama unga. Kukanda kunaongeza uvimbe.

NeemaTele
Kwa mwenye chuchu zilizoingia ndani: mtoto ananyonya titi, hanyonyi chuchu, kwa hiyo inawezekana. Chukua bomba la sindano jipya la ml 10 au 20, bila sindano. Kata kwa wembe ule upande wa kuwekea sindano. Chomoa kijiti cha kusukumia, kiingize kupitia upande uliokatwa. Upande laini ambao haukukatwa ndio unaokaa juu ya chuchu. Mama mwenyewe ndiye avute, taratibu, ashikilie sekunde 30 hadi dakika 1, kisha arudishe kijiti kidogo kuachilia hewa kabla ya kuliondoa. Afanye hivyo kabla tu ya kunyonyesha. Ikiuma, amevuta mno. Makosa ninayoyaogopa ni mawili: kuweka upande uliokatwa, una makali; na kung'oa bomba bila kuachilia hewa kwanza.

MamaMapacha
Sasa kidonda chenyewe. Anza kunyonyesha upande wenye nafuu, kwa sababu mvuto wa kwanza wa mtoto mwenye njaa ndio mkali. Badilisha mkao: mara umpakate, mara umshike chini ya kwapa miguu ikielekea nyuma, mara ulale chali nusu naye akiwa juu ya kifua. Kila mkao unahamisha mgandamizo kwenda sehemu nyingine.

Akimaliza, kamua matone machache uyapake kwenye chuchu, yakauke yenyewe. Ngozi ikiwa imepasuka, paka lanolini safi (mafuta yatokanayo na sufu ya kondoo) kidogo sana, kama punje ya mchele. Si lazima uifute kabla ya kunyonyesha. Lengo ni ngozi ibaki na unyevu wake bila kulowa. Pedi za maziwa zikilowa, badilisha hapo hapo, na ikigandia kwenye kidonda iloweshe kwa maji kwanza. Sabuni na spiriti zisiguse chuchu. Maji ya kuoga mara moja kwa siku yanatosha.

Dawa: parasetamoli gramu 1, yaani vidonge 2 vya mg 500, kila baada ya saa 6, visizidi 8 kwa saa 24. Inaendana na kunyonyesha. Meza nusu saa kabla ya nyonyesho gumu.

Ukishindwa kabisa, pumzisha upande huo siku 1 au 2, lakini maziwa yasibaki ndani: kamua angalau mara 8 kwa siku na umpe mtoto kwa kikombe. Akae wima, ukingo wa kikombe uguse mdomo wa chini, mwache alambe mwenyewe, usimmiminie.

Damu kidogo kwenye maziwa haimdhuru mtoto. Anaweza hata kucheua yenye rangi hiyo. Kuna mahali sheria hii inabadilika, mkunga atueleze.

mkunga_wa_usiku
Ndiyo. Mama anayeishi na VVU, chuchu ikipasuka au kutoa damu, aende kituoni siku hiyo hiyo na asiruke dozi hata moja ya ARV. Wakati anasubiri, mtoto anyonye titi lisilo na kidonda, na lile lenye kidonda likamuliwe, maziwa yamwagwe. Na malengelenge ya hepesi kwenye chuchu au karibu nayo: mtoto mchanga asinyonye upande huo kabisa, maana kwa umri wake inaweza kuua. Funika, nenda kwa daktari.

mfamasia_zamu
Mdomo umeshika vizuri, mkunga amethibitisha, na bado panauma? Uliza maumivu yanakuja saa ngapi na yanafananaje.

Chuchu inageuka nyeupe baada ya kunyonyesha, halafu zambarau, halafu nyekundu, ikichoma, hasa kukiwa na baridi: mishipa ya damu inajikaza. Funika kwa kitambaa kikavu chenye joto mara mtoto anapoachia, na epuka sigara. Ikizidi, daktari ana dawa ya kulegeza mishipa.

Maumivu ya kuchoma yaliyoanza baada ya wiki nzuri, chuchu inang'aa au inabanduka, mtoto ana utando mweupe ndani ya mashavu usiotoka ukiufuta: fikiria fangasi. Mama na mtoto hutibiwa pamoja siku zile zile, la sivyo wanarudishiana. Lakini msikimbilie jina la fangasi kwa kila uchungu. Wengi hupaka dawa wiki 2 wakati shida ni mkao.

Kidonda chenye usaha au utando wa njano ni cha bakteria, kinataka dawa ya kuandikiwa. Kidoa cheupe kwenye ncha ya chuchu, chenye uchungu kama wa mwiba, usikitoboe kwa sindano.

Sehemu ya titi nyekundu, moto, pamoja na homa na mwili kuuma: endelea kunyonyesha, weka baridi, na kama ndani ya saa 24 hakuna nafuu nenda kituoni. Ukiona unazidiwa, usizisubiri hizo saa. Hilo likiachwa huwa jipu.

Shangazi_K
Wanaotumia pampu: kile kikombe chenye umbo la faneli kina saizi. Pima upana wa chuchu kwa milimita, kabla ya kukamua, weusi usihesabiwe. Shimo lizidi kidogo tu, milimita 1 hadi 3. Likibana, chuchu inasuguliwa pembeni. Likizidi, linameza ule weusi na unavimba. Na nguvu ya mvuto ipandishwe hadi pale panapoanza kukera, kisha irudishwe hatua moja. Kuvuta sana hakuleti maziwa zaidi.

NeemaTele
Na ulimi wa mtoto utazamwe. Akilia, ulimi ukiinuka na kuwa kama moyo nchani, au ukishindwa kuvuka fizi ya chini, huenda utepe wa ngozi ulio chini yake ni mfupi. Si kila utepe unakatwa. Aonwe kwanza na mtaalamu akiwa ananyonya.

BabaKichanga
Nawashukuru sana. Baba afanye nini usiku, zaidi ya kuleta maji?

mkunga_wa_usiku
Baba, keti upande wa titi, macho yako yawe sawa na mdomo wa mtoto. Mama akitazama kutoka juu haoni kidevu wala mdomo wa chini, titi linamziba, wewe unaona. Ukiona mdomo wa chini umekunjwa ndani, mwambie mkeo, au wewe mwenyewe vuta kidevu cha mtoto chini kidogo kwa kidole kimoja. Kisha hesabu nepi: kuanzia siku ya 5 ziwe angalau 6 zilizolowa kwa saa 24. Zikipungua, mtoto apimwe uzito kesho yake asubuhi, hata kama chuchu zimeacha kuuma.