Daftari la mauzo kwenye PinePhone: dirisha linakatwa kulia, kikumbusho kinachelewa

kodi_pwani:
Wakuu, habari za kazi. Nina daftari la mauzo ya duka, programu niliyoiandika kwa Python na GTK4 pamoja na libadwaita (maktaba za kuunda madirisha). Kwenye kompyuta linakwenda safi. Kwenye PinePhone, simu ya Linux (mfumo ni Mobian, mazingira ya skrini ni Phosh), upande wa kulia unatoka nje ya skrini, kitufe cha "Hifadhi" hakionekani kabisa. Kikumbusho cha kufunga hesabu saa 2 usiku kinalia hata saa 4, natumia GLib.timeout_add_seconds. Ikoni nayo inakuja ile ya jumla. Vitufe viko vinne, mstari mmoja, ndani ya Gtk.Box.

fundi_terminali:
Mkuu, skrini ni 720×1440 lakini Phosh huikuza mara 2, kwa hiyo programu inapata upana wa 360 tu. Piga hesabu ya mstari wako: vitufe 4 vya 90, nafasi ya 6 kati yake, tayari ni 378, na pambizo hujaziweka. GTK haibani dirisha chini ya upana ambao vilivyomo vinaudai, kwa hiyo linamwagika nje.

Tumia Adw.ApplicationWindow, kisha weka Breakpoint (sharti linalobadili mpangilio dirisha likiwa jembamba):

```
bp = Adw.Breakpoint.new(
  Adw.BreakpointCondition.parse("max-width: 400sp"))
bp.add_setter(sanduku, "orientation",
  Gtk.Orientation.VERTICAL)
dirisha.add_breakpoint(bp)
dirisha.set_size_request(360, 300)
```

Usiruke mstari wa mwisho, maana dirisha lenye Breakpoint linataka utaje mwenyewe udogo wake. Hii inahitaji libadwaita 1.4. Ukiwa bado kwenye Debian 12 unayo 1.2, basi weka vitufe kwenye Gtk.FlowBox, inayovishusha mstari wa pili nafasi ikiisha.

Kagua na lebo zote. Jina refu la bidhaa bila `wrap=True` (kukunja maandishi) linasukuma dirisha vilevile. Jaribu kwenye kompyuta kwanza: vuta ukingo wa dirisha mpaka ligome, kisha washa `GTK_DEBUG=interactive` uone ni kipande gani kinachogoma.

Kuna watakaokwambia uwashe scale-to-fit ya phoc (sehemu ya Phosh inayopanga madirisha). Inasinyaza kila kitu, maandishi hayasomeki na vidole vinakosa vitufe. Rekebisha mpangilio wenyewe.

mzizi0:
Kikumbusho: saa inayotumiwa na timeout husimama simu ikilala. Ikilala kwa muda wa saa mbili, unachelewa kwa saa mbili. Iachie systemd (msimamizi wa huduma za Linux) kazi hiyo: timer hutaja wakati, service hufanya kazi yenyewe. Faili la kwanza, /etc/systemd/system/hesabu.timer:

```
[Timer]
OnCalendar=*-*-* 20:00:00
AccuracySec=1s
WakeSystem=true
Persistent=true
[Install]
WantedBy=timers.target
```

La pili, hesabu.service:

```
[Service]
Type=oneshot
User=mobian
Environment=DBUS_SESSION_BUS_ADDRESS=unix:path=/run/user/1000/bus
ExecStart=/usr/bin/notify-send "Funga hesabu"
```

Sakinisha libnotify-bin, halafu `sudo systemctl enable --now hesabu.timer`. Unawasha timer, siyo service. Wengi hukosea hapo.

Ikoni: jina la faili la .desktop lazima lilingane herufi kwa herufi na application_id (kitambulisho cha programu kwenye msimbo wako). Humo ndani ongeza `X-Purism-FormFactor=Workstation;Mobile;`, la sivyo Phosh inaweza kuificha programu kwenye orodha.

kodi_pwani:
Dirisha limekaa sawa. Mkosaji wa pili alikuwa lebo ya "Jumla ya mauzo ya leo", haikuwa na wrap. Ikoni: id ilikuwa na D kubwa, faili lina d ndogo. Timer nimeijaribu kwa dakika tano mbele huku skrini imezimwa, simu imeamka na ujumbe umetokea.

fundi_terminali:
Bado kimoja: fungua fomu ya bidhaa, gusa sehemu ya bei. Kibodi ikipanda dirisha linafupishwa, kwa hiyo fomu yote iwe ndani ya Gtk.ScrolledWindow, la sivyo "Hifadhi" itapotea tena, safari hii chini.