Je, daktari ana haki ya kumkatalia mtu mzima upasuaji wa pua?

Hoja iliyo mezani inasema kwamba mtu mzima mwenye akili timamu, akishaamua kurekebisha pua yake na akawa na fedha za kulipia, daktari hana mamlaka ya kumdadisi wala kumwekea muda wa kusubiri. Wapo waliojibu kwamba upasuaji huo ni kumkosoa Muumba, na basi. Hao sitawajibu kwa kirefu, maana kuna waliovunjika pua, na kuna ambao ukuta wa kati umepinda hata wanapumua kwa shida, na sidhani kama kuna mtu angewalaumu.

Hoja ya kwanza ndiyo inayonisumbua. Niliwahi kumsindikiza mdogo wangu kwa daktari bingwa wa upasuaji wa plastiki, naye alikwenda na picha chungu nzima alizojipiga kwa simu. Daktari aliziweka kando, akampa kioo na kumwomba aoneshe kwa kidole kimoja tu mahali panapomkera. Kidole kilizunguka kwa muda kabla ya kutua. Kisha akammulika ndani ya mianzi ya pua, akamziba tundu moja baada ya jingine huku akimwambia avute hewa, na akaibonyeza ncha kupima uimara wa gegedu. Kuhusu zile picha alieleza kwamba simu ikishikwa sentimita 30 hivi kutoka usoni, pua huonekana pana kwa takriban asilimia 30 kuliko ikipigwa kutoka mita moja na nusu, hesabu ambayo watafiti wa Marekani waliichapisha mwaka 2018. Kwa maneno mengine, wapo wanaoomba kisu kwa kosa la kamera.

Haki ya kuamua juu ya mwili wako siipingi. Ila daktari si muuza duka, na sahihi ya mgonjwa kwenye fomu ya ridhaa haimwondolei dhamana yake. Upo ugonjwa wa akili unaomfanya mtu ateswe na kasoro ambayo wengine hawaioni au wanaiona ndogo mno. Mgonjwa wa namna hiyo mara nyingi haridhiki hata pua ikitoka vizuri, naye hurudi kutaka ifanyiwe tena. Upasuaji wa marudio ni mgumu kuliko wa kwanza, kwa kuwa makovu yamejaa na gegedu imepungua, hata wakati mwingine hulazimu nyingine ichukuliwe sikioni au ubavuni. Daktari asiyeuliza sababu atamtambuaje mtu huyo?

Tena katika nchi nyingi sheria haimzuii daktari mwenye leseni ya kawaida kujitangaza kuwa mtaalamu wa urembo, kwa hiyo ni halali kabisa mteja naye amuulize amesomea wapi na amefanya pua ngapi.

Ninachopendekeza ni kwamba siku ya kwanza ya ushauri isimalizike kwa kulipa wala kupangiwa tarehe. Wanaopinga wanieleze mtu atapata hasara gani kwa kusubiri mwezi mmoja, ilhali uvimbe wa ncha ya pua huweza kuchukua mwaka mzima kuisha.