Serikali inanilipa nisilime shamba. Naweza kufuga mbuzi humo?

Mtu wa Nyasi: Heshima kwenu wakuu. Nipo Iowa, Marekani, vijijini kabisa. Mwaka jana mimi na shemeji yenu tulinunua shamba eka 38. Mwenye shamba wa zamani alikuwa ameliingiza kwenye CRP, ule mpango wa serikali wa kulipa wenye mashamba waoteshe nyasi na kuacha kulima miaka 10 hadi 15, udongo usichukuliwe na maji. Tukasaini kuendeleza mkataba wake. Kila Oktoba wanaweka zaidi ya dola 200 kwa eka. Sasa nyasi zimefika kifuani, zinakaa bure. Mtu akifuga mbuzi humo kuna shida? Usingizi sipati.

Kisu Butu: Kulipwa usilime? Marehemu babu aliacha kulima 1998 mpaka anafariki. Tunadai wapi?

Mama Kulwa: Mwanangu, sisi tulimkodisha mtu shamba Geita, akajaza mikaratusi. Leo kisima kimekauka na yeye haonekani. Usikodishe ardhi.

Mtu wa Nyasi: Mama, sijakodisha. Nimeuliza mbuzi.

Dereva wa Kansas: Mkuu, majirani zangu wamo humo. Mpango ulianza 1985 enzi za Rais Reagan: udongo unaondoka, na nafaka zimejaa maghalani hazina bei. Kuchunga kunaruhusiwa ila kwa kibali, na malipo ya mwaka huo hukatwa robo. Huko Iowa, Mei 15 hadi Agosti 1 ndege wanatamia, hugusi kitu. Ila umesema "mtu akifuga". Mbuzi wapo au hawapo?

Mtu wa Nyasi: Wapo.

Dereva wa Kansas: Tangu lini?

Mtu wa Nyasi: Juni. Lakini ni 20 tu, na wanakula magugu ambayo mkataba wenyewe unanitaka niyaondoe. Hapo nimewakosea nini? Tena oda nimeshapokea, Wakongo na Wasomali wa Des Moines wanataka mbuzi wa kuchinja wenyewe. Tatizo ni jirani. Siku hizi akifika kwangu anapunguza mwendo, anachungulia.

Mchunguzi Huru: Wakuu, mnanyweshwa chai. Huyu huyu mwezi wa tatu alifungua uzi anauza bodaboda, yuko Kigamboni. Leo ana eka 38 Marekani?

Mtu wa Nyasi: Akaunti natumia na mdogo wangu.

Mama Kulwa: Hiyo pikipiki bado ipo?

Mchunguzi Huru: Leta picha ya mbuzi kwenye theluji.

Kisu Butu: Theluji ya mwezi wa nane utamletea wewe?

Dereva wa Kansas: Hata kama ni chai, kuna msomaji yanayomhusu. Mkataba ukivunjwa unarudisha malipo pamoja na riba, na juu yake faini ya robo ya malipo ya mwaka. Ukitangulia mwenyewe kwenye ofisi ya mpango huo, wakiona ulikuwa na nia njema wanaweza kukuachia mkataba wakakata hela tu. Mkuu, toa mbuzi leo, Jumatatu asubuhi uwe mlangoni kwao.

Mtu wa Nyasi: Jumatatu kuna mteja anakuja kuchukua watatu. Jumanne je?