Mama anamlilia paka wa marehemu baba: nimletee mwingine?

Swali (Ngamiani, Tanga)

Assalaam aleikum. Wiki tatu zilizopita tulimzika Chausiku, paka wetu mweusi ambaye marehemu baba alimleta nyumbani mwaka 2008 ndani ya kikapu cha samaki, angali mdogo wa kuenea kiganjani. Baba alifariki mwaka 2019, na tangu hapo Chausiku alihamia miguuni mwa kitanda cha mama, akawa analala hapo kila usiku hadi alfajiri ya mwisho. Sasa mama hali vizuri. Jioni akiketi uani kupara samaki, kisu kikipita mara mbili tatu husita na kutazama mlangoni, kwa kuwa sauti ile ya magamba ndiyo iliyokuwa ikimwita paka kutoka popote alipo. Kisha hukata kichwa cha kibua, akakiweka kwenye kifuniko kilekile cha sufuria, na asubuhi mimi ndiye ninayekiondoa kikiwa kimejaa sisimizi.

Ndugu mmoja alimkuta akilia, akamwambia kwamba paka haliliwi na kwamba wapo waliofiwa na watoto. Mama alinyamaza, na tangu siku hiyo hulia akiwa amejifungia chumbani. Naomba ushauri: je, nikiondoe kile kifuniko? Je, nimletee mtoto wa paka? Lipo pia linaloniumiza mimi mwenyewe: miezi ya mwisho Chausiku alikuwa akinywa maji mno na kukonda, nasi tukasema ni uzee tu.

Jibu la kwanza (mama mtu mzima, Pangani)

Wa aleikum salaam, mwanangu. Mpe mama pole nyingi, nawe pole. Kifuniko usikiguse, siku atakapokuwa tayari atakiosha mwenyewe na kukirudisha jikoni.

Mimi pia ni mjane, kwa hiyo nadhani namwelewa. Alipokaa eda, miezi minne na siku kumi, watu walikuwa wakiingia na kutoka, kila mmoja na chano chake. Eda ilipokwisha kila mtu alirudi kwake, na aliyebaki naye usiku ni paka. Huyo alikuwa kiumbe wa mwisho katika nyumba hiyo aliyezoea kikohozi cha baba yenu na hatua zake mlangoni. Mama yenu amefiwa mara ya pili na mtu yuleyule, ndiyo maana kilio kimekuwa kikubwa kuliko watu wanavyotarajia.

Na huyo ndugu, mkumbusheni kwa upole ile hadithi aliyoisimulia Kabsha binti Kaab, kwamba mkwewe Abu Qatada alikiinamisha chombo cha maji ya udhu ili paka anywe, na alipomwona akishangaa akamweleza kuwa Mtume (s.a.w.) alisema paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani. Anayekuzunguka miaka 17 akiondoka, unaachaje kuliona pengo lake?

Jibu la pili (mtaalamu wa mifugo, Muheza)

Poleni sana. Naomba nijibu lile la mwisho tu. Kunywa maji mengi na kukonda kwa paka mzee mara nyingi ni dalili ya figo kuchoka, ingawa kisukari na ugonjwa wa tezi la shingoni huweza kuonekana hivyohivyo, nami siwezi kumpima paka kwa maandishi. Kama zilikuwa figo, fahamu kwamba dalili hizo huanza kuonekana wakati karibu theluthi mbili za uwezo wake zimekwisha kupotea, na sehemu iliyokufa hairudi. Matibabu yangempa nafuu na pengine muda zaidi, lakini yasingemponya. Paka wengi wa nyumbani huishi kati ya miaka 12 na 18. Wa kwenu alifika huko kwa kulishwa na kutunzwa. Usijibebeshe lawama hiyo.

Jibu la tatu (Dunda, Bagamoyo)

Nakusihi usimletee paka mwingine kabla ya kumwuliza. Paka wetu alipokufa, mimi nilimletea baba mtoto wa paka siku ya tatu, nikidhani namfariji. Alimtazama, akasema, "Huyu ni nani?" kisha akageukia ukutani. Kiumbe yule hakuwa na kosa lolote, lakini kila alipolia usiku mzee aliondoka kwenda kukaa barazani, na mwishowe tulimpa jirani. Ningekuwa wewe ningemwomba mama anisimulie jinsi Chausiku alivyofika nyumbani. Watu wamemwambia anyamaze. Labda hakuna aliyemwomba aseme.

Mwuliza swali

Ahsanteni sana. Jana baada ya Isha nilimwuliza mama habari za kile kikapu. Akasema baba aliingia akitangaza kuwa ameleta changu watatu, na alipofunua akakuta mmoja, miiba, na paka mdogo aliyelala tumbo likiwa limevimba kama ngoma. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akalia mbele yangu bila kujificha, nami nikalia naye, kwa sababu kisa hicho sikuwahi kukisikia na ndani yake baba alikuwa kijana. Kuhusu mtoto wa paka, amesema nisilete kwanza. Kifuniko bado kipo mahali pake.