Mama ameandikiwa "torus" kwenye cheti cha meno, naomba ushauri

Binti_wa_Pili: Habari za jioni wakuu. Juzi nilimpeleka mama (miaka 63) kung'oa jino. Daktari alimmulika kinywani, akaandika "torus palatinus", foleni ikatusukuma nje bila maelezo. Ana kinundu kigumu katikati ya kaakaa, anasema anacho tangu ujana na hakimuumi. Nimetafuta mtandaoni nikakutana na donati, hesabu na mitambo ya nyuklia. Usingizi umenikimbia. Tukikate?

Tabibu_Kinywa: Pole dada. Huo ni mfupa uliozidi, si saratani, na wengi wanao bila kujua, wanawake hasa. Ngozi inayoufunika ni nyembamba, kwa hiyo mhogo mkavu wa kukaanga unaweza kuuchubua. Haukatwi bila sababu. Mrudishe haraka kinundu kikikua ghafla, au kikiwa na kidonda kisichopona wiki mbili.

Mwalimu_Namba: Neno ni la Kilatini, lilimaanisha kitu kilichovimba, hata mto wa kukalia. Wajenzi wakaliita hivyo pindo nene la mviringo chini ya nguzo. Sisi wa hesabu tunaita torasi umbo la ngata, ile anayoviringisha mama kwa khanga kabla ya kujitwisha ndoo. Ujazo wake ni 2π²Rr²: R ni kutoka katikati ya tundu hadi katikati ya unene, r ni nusu ya unene. Kinundu cha mama hakina tundu, wamechangia jina tu.

Fundi_Koili: Mimi nasuka transfoma. Zile za umbo la ngata hazivujishi usumaku ovyo, ndiyo maana amplifaya nzuri haivumi. Hiyo mitambo ya nyuklia uliyoiona ni tokamaki, nayo ina umbo hilo la ngata, walianza nayo Wasovieti miaka ya 1950. Gesi ya moto mkali inazungushwa humo, usumaku ukiizuia isiguse ukuta. Bomba lililonyooka lina ncha mbili za kuvujia, ngata haina hata moja.

Binti_wa_Pili: Asanteni sana, nimetua mzigo. Nimemmulika mama kwa tochi ya simu sasa hivi: kiko katikati kabisa, hakuna kidonda. Tabibu, meno ya juu yamebaki manne. Akitaka ya bandia itakuwaje?

Tabibu_Kinywa: Kama kinundu ni kidogo, hayasumbui. Kikiwa kikubwa, mwombe daktari atengeneze yenye umbo la kwato ya farasi, yanayoacha katikati ya kaakaa wazi. Kukata mfupa kuwe mwisho kabisa. Na mjulishe daktari mapema kuhusu kinundu, kabla hajachukua kipimo.